Soko Kuu la Arusha kabla ya basi la saa tano

Nilifika Arusha Jumatatu magharibi nikitokea Babati, nilikokwenda kupika harusi ya binti wa dada yangu. Tiketi ya kurudi Tanga ilikuwa ya Jumanne, saa tano asubuhi. Nikalala gesti jirani na stendi, nikamwomba dada wa mapokezi anigongee saa kumi na moja na nusu, na alipogonga nilikuwa nimeshavaa. Mimi ni mpishi wa shughuli, kuanzia pilau la harusi mpaka maharage ya msibani, na asubuhi moja Arusha kwangu ni mali. Karoti, viazi, maharage na vitunguu vya huku juu vikifika Tanga vimeshapita mikono mitatu minne, na kila mkono umeongeza chake kwenye bei.

Haya nayaandika kwa ajili ya msafiri kama mimi, mwenye asubuhi moja na mfuko mmoja, anayetaka kununua vizuri na kuwahi gari.

Jambo la kwanza ni kuamua unaenda soko gani. Arusha ina masoko kadhaa, na ukitaka kuyamaliza yote basi litakuacha. Soko Kuu liko katikati ya mji, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka stendi, upande huohuo wa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Kilombero ni mbali kidogo, unafuata Barabara ya Sokoine kuelekea magharibi mpaka penye stendi ya daladala. Hilo ni soko la mzigo: ndizi zinashushwa kwa mikungu, viazi kwa magunia, na mtu anayetaka karoti kilo mbili anajikuta amesimama njiani kwa wenye kazi. Tengeru iko nje ya mji, njia ya Moshi, siku zake kubwa ni Jumatano na Jumamosi. Ningekuwa na Jumatano ningeenda huko bila kufikiri mara mbili, lakini nilikuwa na Jumanne. Na kama unachotafuta ni shanga, vinyago na mashuka ya Kimasai, hilo ni soko jingine kabisa, liko Barabara ya Fire. Mtu wa chakula mwenye asubuhi moja aende Soko Kuu.

Nilitoka gesti saa kumi na mbili na nusu. Mwezi wa saba Arusha ina baridi ya kuingia mifupani, mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na sisi wa pwani tunaisikia mara tu tunaposhuka kwenye gari. Nilivaa sweta, juu yake kanga, na Mlima Meru ulikuwa umefunikwa wote, hata mguu wake sikuuona. Saa hiyo wauzaji wa ndani wanapanga meza. Nyanya zinafutwa moja moja kwa kitambaa, mchicha unanyunyiziwa maji, na anayekuja kununua ni mama lishe na watu wa hoteli. Wanunuzi wa namna hiyo ukiwafuata nyuma unajifunza bei bila kuuliza. Kuanzia saa tatu hivi vichochoro vinajaa, mabega yanagusana, na mtu mwenye mkoba mgongoni anakuwa amewakaribisha wezi. Simu yangu ilikuwa kifuani, pesa nimezigawa sehemu mbili, na usiku wa jana yake nilikuwa nimeshavunja noti za elfu kumi kumi nikapata za elfu moja na elfu mbili. Lipa namba zipo kwenye meza nyingi, lakini kwa fungu la karoti la elfu moja noti ndogo inakwenda haraka zaidi, na muuzaji wa asubuhi hana chenji.

Mfuko beba wako. Ile ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na hii mbadala wanayouza pale mlangoni haistahimili kilo tano za maharage. Nilikuwa na salfeti mbili safi zimekunjwa kwenye begi, pamoja na kikapu cha ukindu kwa ajili ya vitu vya kubonyea.

Mzunguko wa kwanza nazunguka mikono mitupu, popote niendapo. Sinunui hata limau. Naangalia, nasalimia, nauliza bei, nasonga. Soko Kuu halimchoshi mtu kwa ukubwa, dakika ishirini zinatosha kulizunguka kwa utulivu, kuanzia matunda na mboga mpaka nafaka, kuku wa kienyeji, vikapu na dawa za miti. Kuna wazee wa Kimasai wanauza magome na mizizi, na kiloriti ya kutia kwenye supu. Viungo vya pilau vimepangwa vizuri sana, vinameta, lakini mtu anayerudi Tanga asinunue iliki Arusha. Iliki inatoka kwetu, Amani na Muheza, ikishafika huku imeshasafiri na wewe utairudisha ilikotoka kwa bei ya juu.

Katika mzunguko huo ndipo nilipomwona bibi wa parachichi.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbele yake turubai, parachichi amezipanga kwa mistari na si kwa mafungu. Nikamwambia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," halafu kabla sijauliza bei akaniuliza yeye: "Unakula lini?"

Miaka yangu yote ya sokoni ni mara chache nimeulizwa swali hilo. Nikamwambia nasafiri, nafika Tanga usiku. Akarudia, "Tanga," akanyamaza kidogo, kisha akasema joto la Tanga litaziharakisha, kwa hiyo nisizichukue zile za mstari wa mbele. Akaanza kuchagua. Mimi nikanyoosha mkono nikataka kubonyeza moja kwa kidole gumba, akanizuia. Ukibonyeza kwa kidole, alisema, unalijeruhi, siku ya pili panakuwa na doa jeusi, na mteja mwingine analipata bovu. Yeye alikuwa analiweka zima kiganjani, analifumba kwa vidole vyote vitano kama mtu anayeshika yai, anasikiliza kwa mkono. Mbili alizochagua kwanza zilikuwa zimeanza kulegea kwa mbali. Mbili nyingine zilikuwa ngumu. Mbili za mwisho zilikuwa ngumu kama jiwe na bado zina kikonyo. Akanionyesha kile kikonyo: lililochumwa likabaki na kikonyo chake linakaa, lililong'oka kikonyo linaanza kuoza kwa pale juu palipobaki kidonda.

Akazifunga mbilimbili kwenye gazeti, akaniambia huku akizigusa moja baada ya nyingine, "Hizi za Alhamisi. Hizi za Jumamosi. Hizi za Jumatatu." Zote sita shilingi elfu nne. Niliomba anipunguzie, akakataa kwa upole, akaniongezea pasheni mbili. Alisema kwao ni Usa River na miti ni yake mwenyewe, na kwa namna alivyokuwa anazishika sikuwa na sababu ya kutomwamini.

Toka hapo nikaanza kuwapima wauzaji kwa kitu kimoja: anakuuliza mzigo unakwenda wapi na utafanyiwa nini, au anakimbilia kukuambia bei? Soko Kuu lina wengi wa aina ya kwanza, na hilo ndilo lililonifanya nilipende.

Wa vitunguu aliniuliza kama ni vya kachumbari au vya kukaanga. Nilimwambia vya pilau. Akanisogezea vya Mang'ola, vyekundu, vidogo kwa wastani, shingo imekauka na ganda linalia ukilikwaruza. Mang'ola iko kule Karatu, kando ya Ziwa Eyasi, wanalima kwa kumwagilia, na wapishi wa pilau wanavijua vitunguu hivyo kwa sababu havina maji mengi. Kitunguu chenye maji hakikaangiki. Kinachemka kwenye mafuta, kinatoa mvuke, na wewe unasubiri rangi ambayo haiji mpaka mafuta yanaharibika. Cha Mang'ola kinakwenda moja kwa moja kwenye hudhurungi, na rangi ya pilau lako inatoka humo. Nilichukua kilo kumi, zote kwa mizani.

Ndizi nilinunua mshare, machana mawili ya kijani kibichi, ya mtori na ya kupika na nyama. Muuzaji akaniuliza kama ninayo njia ya kuzibeba bila kugongana, na nilipomwonyesha kikapu akatandika majani makavu ya mgomba chini kwanza. Karoti na viazi sitavielezea sana, vilikuwa vizuri na bei ilikuwa nzuri, vya Arusha ni vya Arusha.

Maharage ndiyo nataka kuyazungumza, maana hapo nilipata hasara na nilipata msaada asubuhi hiyohiyo.

Huku maharage yanauzwa kwa kilo na kwa sado. Kwa wasiolijua, sado ni lile kopo la rangi la lita nne, jina limetokana na rangi za Sadolin, na limekuwa kipimo cha kila kitu: maharage, njegere, viazi, nyanya, hata dagaa. Sado jema ni jema. Lakini kopo ni bati, na bati linabonyea.

Kabla sijaingia ndani, pembezoni mwa barabara, kulikuwa na meza ya maharage ya njano na bei yake ilikuwa chini kwa shilingi elfu moja kwa sado. Nilivunja utaratibu wangu mwenyewe wa mikono mitupu. Yule bwana hakuniuliza lolote. Alichota kwa haraka, akapiga kopo kofi mbili, akamimina kwenye salfeti yangu, mara tatu, akapokea pesa. Juu ya kiroba chake maharage yalikuwa yanang'aa, mapya ya masika, ndiyo kwanza yanaingia sokoni mwezi huo.

Nilipofika kwa dada wa maharage ndani ya soko, nikitaka kuongeza Lyamungo, yale makubwa yenye madoadoa yaliyopewa jina la kituo cha utafiti cha kule Hai, akaniuliza, "Mama, ni ya nyumbani au ya shughuli?" Nikamwambia ya shughuli. Akaniambia basi Lyamungo ni sawa, yanasimama, hayapasuki mapema kwenye sufuria kubwa. Kisha akaiona salfeti yangu, akaomba kuchungulia. Alitia mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya chini, akaiweka kwenye ungo karibu na konzi ya juu. Sikuhitaji kuelezwa. Ya juu yalikuwa na rangi ya siagi. Ya chini yalikuwa yamefifia, yameingia ukahawia, mengine yana mikunjo midogo. "Haya ni ya mwaka jana," alisema. Akachukua sado lake, akalipindua kwanza nikaona kitako kimenyooka, akapima mzigo wangu. Sado la tatu lilipungua vidole viwili.

Asiyepika kwa ajili ya watu mia tatu anaweza kuona ni jambo dogo. Si dogo. Maharage mapya yanaiva haraka, ya zamani hayaivi haraka, na ukiyachanganya kwenye sufuria moja, mapya yanapasuka na kuwa rojo wakati ya zamani bado yanalia kwenye meno. Hakuna moto wala magadi yanayorekebisha. Unayatenga kwa mkono, au unaharibu chakula cha msiba wa mtu. Nilirudi pale nje. Meza ilikuwepo, yule bwana hakuwepo, na kijana aliyekaa mahali pake alisema hajui chochote. Saa zangu zilikuwa zinakwenda, nikaacha.

Kwa hiyo ukifika, pindua sado uangalie kitako kabla halijajazwa. Kikiwa kimebonyezwa kuelekea ndani, ondoka. Kubalianeni kama ni la kufuta juu au la kilima. Tia mkono chini ya kiroba, muuzaji mwema hatakasirika. Ng'ata harage moja: jipya linakubali jino, la zamani linateleza na kukataa. Na kama mizani ipo, dai mizani, uangalie na stika ya Wakala wa Vipimo. Yule dada wa ndani alinipa haya yote bila kutoza kitu, na Lyamungo zake nilichukua sado nne.

Saa tatu na nusu nilikuwa nimemaliza. Nikakaa kwa mama lishe nikanywa mtori. Nimekula mtori mwingi wa kujifunzia Tanga, lakini huu ulikuwa umepondwa ukabaki na mabonge madogo ya ndizi, nyama ya mfupa imechemshwa mpaka imejiachia yenyewe, chumvi kidogo, basi. Hakutia karoti wala hoho. Nikamwuliza siri, akasema, "Ndizi iwe ya jana, mama, isiwe ya leo." Nililiandika hilo kwenye simu. Mezani tulikuwa wanne, na mmoja wetu alikuwa anakula loshoro, mahindi na maziwa mgando, akaniambia nikija tena nianze na hiyo. Nitaanza nayo.

Mzigo ulinishinda kubeba, nikachukua kijana wa toroli. Bei tukapatana kwanza, elfu mbili mpaka mlangoni kwa basi. Na yeye aliuliza: "Mama, gari ni la saa ngapi?" Aliposikia saa tano alisema tuna muda wa kufunga vizuri, akazishona salfeti kwa kamba ya katani, zao la kwetu Tanga, nikafurahi kuiona kamba yetu imesafiri kufika huku kabla yangu. Alipofika kwenye basi aliweka vitunguu na maharage kwenye buti, ndizi juu yake, lakini kikapu cha parachichi akanipa mkononi. Buti la basi lina joto, alisema, nikiziweka humo zote sita zitakuwa za kesho. Nilimwongeza elfu moja kwa neno hilo.

Nikipewa nyota tano za kugawa, Soko Kuu nalipa nne. Ile moja nimeishika mpaka sado litakapokuwa kipimo ambacho mgeni anaweza kukiamini bila kulipindua. Kwa masaa matatu nilinunua kila nilichokusudia, nikanywa mtori, na saa nne na dakika arobaini nilikuwa kwenye kiti changu. Ukitaka kuongeza na ziara ya mji, Mnara wa Saa na makumbusho ya Azimio la Arusha viko karibu vya kutosha, lakini si kwa asubuhi moja yenye basi mwishoni. Ukivichanganya na soko utaviona kwa kukimbia.

Nyumbani, Jumatano jioni, nilikaa uani na ungo nikayatenga yale maharage ya njano, mapya huku, ya zamani kule, mpaka adhana ya isha. Ya zamani yalikuwa karibu sado moja. Alhamisi mwanangu alikata parachichi mbili za kwanza, zikawa laini, za siagi, hazina doa. Jumamosi tukala mbili nyingine na wali. Zile mbili zenye kikonyo zilikaa juu ya kabati jikoni, ngumu, Jumapili nzima bado ngumu, nikaanza kudhani joto la Tanga limezishinda. Jumatatu asubuhi nikaiweka moja kiganjani kama alivyonionyesha, nikaifumba kwa vidole vitano. Ilikuwa tayari.